Lenzi ya f/0.95, ukumbi wa harusi Moshi na siku 15 za kurudisha mzigo

Mpiga picha wa harusi mjini Moshi ana kamera ya Sony A7 III, lenzi ya 50mm f/1.8, nyingine ya 85mm f/1.8, na flashi mbili. Kazi zake nyingi ni send-off na harusi za Jumamosi usiku: ukumbi wa taa za LED za zambarau na bluu, na MC anayeamuru taa kubwa zizimwe maharusi wakiingia. Hapo hupiga f/1.8 (tundu la lenzi likiwa wazi kabisa), shata 1/200 ya sekunde, ISO 6400 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga), na kukiwa na giza zaidi ISO 12800. Wateja wakaanza kumwonyesha kwenye simu picha ambazo nyuma kote kumeyeyuka na taa zimegeuka mapovu makubwa. Akatenga dola 800 anunue 50mm f/0.95 ya kiwanda kidogo cha China.

Lenzi ilifika ikiwa na kasoro, na hakuweza kuirudisha. Kuna makosa mawili hapa. Dogo ni kwamba hakupima anachokitafuta. Kubwa ni la kalenda.

Tuanze na dogo. Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu linaloonekana ukichungulia lenzi kwa mbele. 50mm kwa f/0.95 ni tundu la milimita 52.6. 50mm kwa f/1.8 ni milimita 27.8. Kwa hiyo mwanga unaoingia unaongezeka mara 3.6 hivi, yaani stopu 1.8 (kila stopu ni mwanga mara mbili). Pale alipohitaji ISO 6400, kwa hesabu za makaratasi sasa angetumia ISO 1800. Nasema za makaratasi kwa sababu vioo vingi hula mwanga kidogo, na kwa sababu miale inayotoka pembeni mwa tundu kubwa hivyo huifikia sensa kwa mshazari mkali, ambao vishimo vya sensa haviupokei wote. Halafu kona za picha. Lenzi za aina hii zikifunguliwa mwisho hutia giza pembeni kiasi kwamba faida yote dhidi ya f/1.8 huishia katikati ya fremu.

Lakini wateja wake hawakulalamikia ISO. Walitaka nyuma kuyeyuke. Ukimpanga bibi harusi ajaze fremu kwa ukubwa uleule, ukubwa wa mapovu ya taa za mbali nyuma yake hufuata kipenyo cha tundu, si namba ya f peke yake. 85mm kwa f/1.8 ni tundu la milimita 47. Linganisha na 52.6. Lenzi ambayo tayari ilikuwa kwenye begi lake inayeyusha taa za mbali kwa asilimia 90 ya ile aliyotaka kuagiza, na inajitafutia fokasi yenyewe. Gharama yake ni hatua: alipokuwa anasimama mita 2 na 50mm, kwa 85mm asimame mita 3.4. Ukumbi ukiwa na meza zilizobanana na kamati nzima imesimama njiani, hatua hizo hazipatikani, na hapo ndipo 50mm ya f/0.95 inapata sababu ya kuwepo. Pia inaonyesha ukumbi mpana zaidi nyuma ya mtu, jambo ambalo 85mm haliwezi.

Sasa kina cha fokasi. Kwa 50mm f/0.95 kwenye sensa ya fremu nzima (sensa kubwa, kama ya A7 III), mtu akiwa mita 1, sehemu iliyo kali ni sentimita 2 kwa ujumla wake. Akiwa mita 2 ni sentimita 9. Mita 3 ni sentimita 20, na kwa f/1.8 umbali huohuo ni sentimita 38. Maharusi wakiingia wakicheza, wakisogea hata mita moja kwa sekunde, wanaivuka sentimita 20 ndani ya moja ya tano ya sekunde, na fokasi unaizungusha kwa vidole. Kuingia ukumbini, kwa hiyo, si kazi ya lenzi hii, hata iwe nzima kiasi gani. Kazi zake ni zile ambazo watu wametulia: maharusi wakiwa wamekaa jukwaani, wazazi wakitoa nasaha, mikono miwili kwenye kisu wakati wa kukata ndafu, pete juu ya kitambaa. Kwenye ndafu piga kwa f/2 au f/2.8, la sivyo utapata masikio ya mbuzi makali na nyuso mbili za ukungu.

Hakuwa amekosea kutamani. Lenzi za f/0.95 zina historia ndefu na bei za kutisha: Canon walitoa 50mm f/0.95 mwaka 1961, Leica walitoa Noctilux ya f/0.95 mwaka 2008, na Nikon Z 58mm f/0.95 S Noct ya mwaka 2019 ilitangazwa kwa karibu dola 8,000 na uzito wa kilo 2. Waliozishusha bei ni viwanda vidogo: Zhongyi wa Shenyang kwa chapa ya Mitakon, ambao 50mm f/0.95 yao ya Sony E ilianza mwaka 2014 kwa chini ya dola 1,000. Venus Optics wa Hefei kwa chapa ya Laowa. TTArtisan na 7Artisans wa Shenzhen. Wanaokoa gharama kwa kuacha fokasi ya umeme, kuacha mipira ya kuzuia vumbi, na, hili ndilo la kukumbuka, kwa kupima kila lenzi kwa muda mfupi kuliko viwanda vikubwa. Lenzi mbili za toleo moja kutoka sanduku moja zinaweza kuwa ndugu wasiofanana.

Kwa nini kupishana huko kunauma zaidi kwenye f/0.95? Kosa la umbali kati ya lenzi na sensa hugeuka ukungu wa ukubwa sawa na kosa hilo ukiligawanya kwa namba ya f. Kitako, yaani sehemu ya lenzi inayoshikana na kamera, kikiinama milimita 0.03, theluthi ya unene wa karatasi ya kawaida, kwa f/2.8 ukungu ni milimita 0.011, karibu pikseli mbili za A7 III. Kwa f/0.95 ni zaidi ya milimita 0.03, pikseli tano. Kasoro ambayo lenzi ya f/2.8 ingeificha maisha yake yote, hii inaianika siku ya kwanza.

Kabla ya kuagiza alikwepa mtego mmoja, na anastahili sifa. Matangazo ya kwanza yalimwonyesha 50mm f/0.95 kwa zaidi kidogo ya dola 200. Hizo ni za sensa ndogo ya APS-C. Kwenye A7 III zinatoa duara la picha lenye kona nyeusi, au kamera ijikate yenyewe ibaki na megapikseli 10 kati ya 24, na mwonekano unakuwa kama 75mm ya f/1.4. Maelezo ya muuzaji huandika "Sony E" bila kutaja sensa, maana kitako ni kilekile. Neno la kutafuta ni fremu nzima, na kama halijaandikwa, chukulia kwamba si fremu nzima. Mwenye DSLR, yaani kamera yenye kioo cha kuakisi ndani, asihangaike kabisa na lenzi zilizotengenezewa kamera zisizo na kioo hicho: kitako cha Canon EF, cha DSLR, kiko milimita 44 kutoka kwenye sensa, cha Sony E milimita 18, na hakuna adapta itakayoirudisha lenzi ndani ya mwili wa kamera.

Mtego mwingine ni wa kulipia lenzi ambayo bado haijatengenezwa, kwa ahadi ya punguzo. Mwaka 2018 kampuni ya net SE ya Ujerumani, iliyokuwa ikimiliki chapa ya Meyer Optik Görlitz, ilifilisika ikiwa imekusanya fedha za watu kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, na kampuni iliyoinunua chapa haikulibeba deni la lenzi zile. Kwa mtu wa Moshi ambaye Jumamosi ana kazi, lenzi isiyokuwepo ghalani ni bahati nasibu.

Sasa kosa kubwa. Alinunua kwa dola 750 kwenye duka la mtandaoni la China lililotoa siku 15 za kurudisha, zikihesabiwa tangu mzigo upokelewe. Akaweka anwani ya wakala wa mizigo Guangzhou, kama wafanyavyo wengi, kwa sababu usafiri wa moja kwa moja ulikuwa ghali. Siku ya kwanza ya hesabu ikawa siku wakala alipotia sahihi. Wakala akamtumia ujumbe mfupi, "Kaka, mzigo wako tumeupokea, unasubiri ndege," naye akajibu "Asante sana dada," akaendelea na shughuli zake. Sanduku lilikaa ghalani siku 6 likingoja mizigo mingine. Ndege na forodha Dar es Salaam zikala siku 10. Kuulipia Kariakoo na kuupandisha basi la kuja Moshi, siku 2. Akaufungua Jumamosi asubuhi, siku ya 19, siku ya harusi.

Muda wa kurudisha ulikwisha lenzi ikiwa bado haijaguswa na kamera yoyote.

Angefanya nini? Wakala yupo Guangzhou, na maghala mengi hukubali kufungua mzigo na kurekodi video kwa ada ndogo. Wakala hana Sony, kweli, lakini mambo manne hayahitaji kamera. Kwanza, kuitikisa lenzi karibu na sikio: bati jembamba la pete likigonga kidogo si neno, kioo kikicheza ni neno. Pili, kuzungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho bila kukatisha, kidole kimoja: ikiwa ngumu sehemu moja na laini nyingine, uzi wa ndani una takataka au umepinda. Tatu, kuifungua f/0.95 na kumulika taa ya simu kutoka nyuma, ili vumbi, nywele na mikwaruzo ya ndani vionekane. Punje mbili tatu za vumbi zisikusumbue. Alama ya mafuta kwenye majani ya tundu ikusumbue. Nne, kuisoma sahani ya jina kwa sauti, ili ujue umeletewa ya Sony E na si ya Nikon Z. Ikiwa kuna mtu unayemfahamu China mwenye kamera, basi anwani iwe yake, siyo ya ghala, hata ukimlipa dola 20 za usumbufu.

Kuna njia nyingine, ya mtu anayeshuka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akiwa na lenzi kwenye begi la mkononi. Inafaa kwa kuwa aliyenunua huko anaweza kuijaribu huko kabla ya kusafiri. Haiondoi forodha. Lenzi za kamera zimo kwenye kifungu 9002.11, na VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya bei pamoja na usafiri, bima na ushuru wenyewe. Kwenye mzigo wa dola 800, VAT peke yake kabla ya ushuru ni dola 144. Atakayekuambia lenzi ya dola 750 itakugharimu dola 750 hajawahi kuagiza chochote.

Asubuhi ile ya Jumamosi alifanya jambo sahihi: hakwenda nayo ukumbini. Jumapili saa 12 na nusu asubuhi, Kibo kikiwa wazi kabla mawingu hayajakifunika, akaweka kamera kwenye stendi. Mlima ulio zaidi ya kilomita 30 ni kipimo cha bure cha mbali kabisa. Aliyeko Arusha ana Meru. Alielekeza ukingo wa theluji katikati ya fremu, akakuza picha kwenye kioo cha kamera, akatafuta fokasi kwa f/0.95. Pete ilifika ukali kabla kidogo ya kugonga mwisho. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lenzi hizi huachiwa nafasi ya kupita, kwa sababu chuma hutanuka na joto. Isingefika, kasoro ingekuwa kwenye unene wa bati za chini ya kitako, na kwenye lenzi nyingi skrubu tatu ndogo za pete ya fokasi zinaweza kulegezwa ili kusogeza mwisho huo.

Kisha akauweka ukingo uleule kwenye kona nne, akipiga picha ya kila kona kwa f/0.95, f/2 na f/4, na akitafuta fokasi upya kila mara. Kona zote kuwa laini kwa f/0.95 ni kawaida. Kona za kulia zilipata ukali kufikia f/2. Za kushoto zilibaki na ukungu hadi f/4. Huo si ulaini wa kawaida, hiyo ni kasoro ya upande mmoja. Akaigeuza kamera juu chini na kurudia, na ukungu ukafuata upande uleule wa kamera, siyo upande wa mlima. Akafunga 50mm yake ya f/1.8, pande zote zikawa sawa. Kwa hiyo sensa na kitako cha kamera havina hatia. Usiku akamalizia kwa taa moja ndogo ya mnara wa simu, akaiacha nje ya fokasi ili iwe duara. Katikati ya fremu duara linapaswa kuwa duara. Lake lilikuwa yai, mwanga umejazana upande mmoja. Kioo kimoja ndani kimekaa nje ya mstari.

Sabuni, kuomba radhi na mafundi wa kando ya stendi ya basi haviondoi kasoro hiyo. Kupanga vioo kunahitaji kifaa cha kuangalia mstari wa kati vikizungushwa, na fundi anayefungua f/0.95 kwa bisibisi ya saa ataifunga ikiwa mbaya kuliko alivyoikuta. Kuirudisha China kwa kampuni ya usafiri wa haraka kungekula dola 90, na mbadala wake ungeingia nchini kama mzigo mpya wenye kodi mpya, asipokuwa ameandikisha forodhani mapema kwamba inatoka kwa matengenezo na itarudi. Muuzaji alikataa kurudishiwa, lakini alipotumiwa picha nne za kona, picha ya duara la yai na maelezo ya kugeuza kamera juu chini, alirudisha dola 100. Wauzaji wengi husoma "lenzi yako mbovu" na kunyamaza. Picha zenye ushahidi wa hatua kwa hatua huwabana zaidi. Na kama angeng'ang'ania kurudishiwa pesa zote baada ya muda kwisha, angekosa hata hiyo mia.

Swali lililobaki ni kama lenzi yenye kona ya kushoto mbovu inafaa kazi. Kwa picha za watu waliotulia, mhusika akiwa katikati au upande wa kulia, kona ya kushoto kwa f/0.95 ni nyuma iliyokwisha kuyeyuka. Haionekani. Kwa picha ya ukoo mzima uliopanga mstari jukwaani, wajomba wa kushoto watakuwa na ukungu hata kwa f/2.8, na watauliza. Kwa hiyo inabaki kwenye begi kama lenzi ya tatu, haipandi kamera ya kwanza, na picha za ukoo zinapigwa kwa 50mm f/1.8 ikiwa imefungwa f/5.6 pamoja na flashi.

Mipangilio ya A7 III kwa lenzi isiyo na umeme, kwa kuwa hata lenzi nzima hukwama hapa. Ruhusu shata ifanye kazi bila lenzi, la sivyo kamera itakataa kupiga. Kizuia mtikisiko kiandikie urefu 50mm kwa mkono. Zima shata ya mbele ya kielektroniki unapopita 1/1000, kwa sababu kwenye tundu kubwa hukata sehemu ya mapovu ya taa na kuyafanya nusu mwezi. Ukumbini tumia shata ya mitambo kwa 1/100, maana umeme wetu wa 50 Hz hufanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde. Shata ya kielektroniki huacha mistari ya giza kwenye taa za DJ. Alama za rangi za kuonyesha fokasi ziwe kiwango cha chini kabisa na usiziamini: kwa f/0.95 hung'aa kwenye nyusi na jicho likiwa bado na ukungu. Weka kitufe kimoja cha kukuza picha, lenga jicho lililo karibu, kisha yumba mwili kidogo mbele na nyuma huku ukipiga tatu au nne mfululizo.

Pete ya f ya lenzi nyingi za aina hii haina mibofyo. Huteleza ndani ya begi kutoka f/0.95 hadi f/2 bila wewe kujua, na kamera hairekodi f yoyote kwenye faili, kwa hiyo hata kesho yake huwezi kuthibitisha. Kipande cha utepe wa karatasi kwenye pete kinatosha. Gauni jeupe lenye shanga chini ya LED litatoa kingo za zambarau mbele ya fokasi na za kijani nyuma yake. Hupungua sana kwa f/2, na zinazobaki husafishwa kwenye programu, ila angalia usiifute rangi ya shela ya zambarau nayo.

Picha za mchana bustanini zina hesabu yake. Jua la Moshi saa sita kwa ISO 100 na f/0.95 linataka shata ya karibu 1/28,000, wakati shata ya A7 III inaishia 1/8000. Kichujio cha ND8 (kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara nane) cha kipenyo cha mdomo wa lenzi, kwenye hii milimita 67, kinakushusha hadi 1/3,500 na unapumua. Ukikosa, funga hadi f/2, na hapo 85mm yake ya f/1.8 ingefanya kazi ileile kwa fokasi inayojitafutia.

Agizo lake linalofuata, la 35mm, tayari ameliandikia wakala ujumbe kabla ya kulipa: anwani ni ileile, lakini sanduku lisipande ndege mpaka aone video ya dakika tatu, lenzi ikitikiswa, ikizungushwa, ikimulikwa, na jina likisomwa, ndani ya siku mbili tangu lipokelewe. Wakala amejibu kwamba ada ni yuani 30.